Chupa ya Chumbani

Stesheni, chumba cha wafanyakazi
3 Machi

Mdogo wangu,

Nakuandikia barua kwa sababu simu ukiwa kazini huipokei, na ukiwa nyumbani unaipokea umekaa na mkeo. Haya ninayotaka kusema hayamfai yeye kusikia. Mwenzangu anayesafiri na treni ya huko ameahidi kukupa mkononi. Isome peke yako, ukimaliza uichome.

Mama alipokuja kwangu Desemba, nilimpokea pale stesheni nikadhani nimekabidhiwa mama wa mtu mwingine. Anatembea anapapasa ukuta. Kichwa kinamgonga tangu asubuhi, shavu la kushoto limekufa ganzi, anasinzia huku anatafuna. Nikampeleka hospitali, wakapima presha, sukari, malaria, wakasema hawaoni kitu. Nikamrudisha nyumbani, nikamlaza kitandani kwangu, nikawa nampikia mimi. Dawa ya maana hakupewa. Lakini kabla mwezi haujaisha alikuwa ameshafua mapazia yangu yote na ameanza kuniuliza kwa nini mwanamke kama mimi nakaa bila mume. Unamjua mama. Akipona anatafuta wa kugombana naye.

Kisha akarudi kwako. Juzi mwenzangu alipompelekea kile kifurushi cha vitambaa, mama alimuuliza yeye ni nani. Akamjibu. Akamuuliza tena. Anasema alikuwa ameushika mlango kwa mikono yote miwili.

Kwangu anapona, kwako anaugua. Mimi kazi yangu ni kukagua tiketi, na abiria wakiniita Bi Tiketi hawanisifii, wananiogopa. Nimeshaona kila aina ya uso unaosema uongo. Nikijiuliza ni kitu gani kinabadilika kati ya nyumba yangu na yako, naona kimoja: mikono inayompikia.

Usipandishe hasira kwanza. Mama mwenyewe alinieleza. Mkeo kila asubuhi anabandika masufuria makubwa jikoni, anachemsha, anafunga mlango, halafu anaondoka kwenda kusuka wateja wake. Mama anabaki mle ndani na mvuke. Kuna harufu, anasema, tamu tamu, kama ya rangi ya kucha. Na wewe unajua mkeo ana machupa ya dawa za nywele mpaka uvunguni. La pili, mkeo hanywi anachokunywa mama. Ana chupa yake chumbani, anakunywa mwenyewe. Mtu anayeandaa kitu halafu yeye hakigusi, wewe ungemfikiriaje?

Simtukani. Nauliza tu. Na nataka unijibu wewe, si yeye.

Dada yako


11 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika. Samahani kwa kuchelewa kujibu, hapa kiwandani tunahesabu vipuri vyote vya stoo na mimi ndiye msimamizi sasa.

Mama ni mtu mzima na mwili wa mtu mzima una mambo yake. Daktari wa kiwandani nilimweleza dalili zake, akasema itakuwa presha tu. Mke wangu hana kosa lolote na naomba kwa heshima yote umwondoe kwenye mawazo yako. Kuchemsha nilimwagiza mimi. Ni usafi wa kawaida, watu wote wanachemsha.

Nakuomba pia usizungumze na watu habari za maji, hasa hao wenzako wa treni. Maneno ya namna hiyo yakisambaa yanaharibu kazi za watu bila sababu.

Nikipata nafasi nitampeleka mama kwa bingwa.

Mdogo wako


15 Machi

Wifi,

Shikamoo. Najua hukutegemea barua kutoka kwangu. Mdogo wako ukimpa kazi ya kuchoma kitu, hakikisha amekichoma. Barua yako niliikuta kwenye mfuko wa ovaroli nikifua. Nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye beseni, povu mpaka kwenye viwiko, na nilipomaliza maji yalikuwa yameshapoa.

Nimekaa na maneno yako siku kadhaa nikitafuta namna ya kukujibu bila kukuvunjia heshima. Sijaipata, kwa hiyo nisamehe nikiteleza.

Wewe umemwona mama akiwa mgonjwa kwa mwezi. Mimi namwona kila siku. Mimi ndiye ninayemshika akienda kuoga. Mimi ndiye ninayejua kwamba akisema "nipe ile" anamaanisha kijiko, kwa sababu jina la kijiko limemtoka. Nywele zake nazisuka kila Ijumaa, na tangu mwaka jana zinatoka na kitana. Unafikiri nafurahi?

Nachemsha kwa sababu mume wangu alisema nichemshe, na alisema nichemshe sana, yatokote muda mrefu. Nafunga mlango kwa sababu ile harufu inaingia chumba cha kusukia na wateja wanalalamika. Mama anabaki jikoni kwa sababu ndiko kuna joto na anapenda kukaa na sufuria zake. Nikimtoa ananuna. Dawa zangu za nywele ziko kwenye kabati lenye kufuli, na ufunguo uko shingoni kwangu.

Chupa ya chumbani ni ya mume wangu. Kila jioni anatoka nayo kazini imejaa, anaiweka upande wangu wa kitanda. Anasema maji ya ofisini kwao yana baridi nzuri. Mimi nikaona ni mapenzi, Wifi. Watu wengine wanaletewa maua, mimi naletewa maji. Nina sababu ya kubembelezwa ambayo hakuna anayeijua zaidi yake: nina mimba. Unajua zile mbili zilivyoishia. Hii sikutaka kuitangaza mpaka ishike. Sasa nakutangazia wewe, mtu anayenishuku kwa sumu.

Nimempa mwenzako themosi. Ni chai ya mama ya leo, nimeimimina mbele ya mama mwenyewe. Ipeleke popote unapotaka ikapimwe. Jibu likitoka, lolote lile, niandikie mimi, usimwandikie yeye.

Wifi yako


24 Machi

Wifi,

Marahaba. Hongera ya mimba, na Mungu aishike.

Lakini nisikudanganye: barua nzuri haiwezi kunifanya nikuamini. Watu wanaosafiri bila tiketi ndio wenye maneno mazuri kuliko wote. Kwa hiyo themosi yako nimeipeleka.

Hapa kwenye karakana ya reli tuna mkemia, kijana mpole, kazi yake ni kupima mafuta ya injini na maji ya mitambo. Nilimwambia natafuta dawa ya nywele kwenye chai. Akacheka, akapima, siku ya pili akanifuata hadi jukwaani na hakuwa anacheka. Ameona kitu kidogo, anasema si dawa ya nywele. Hataki kukitaja mpaka apate maji yenyewe, mabichi, kutoka bombani. Yatiwe kwenye chupa ya kioo, ijae mpaka mdomoni kabisa, pasibaki hewa, kizibo kikazwe, maana anachokitafuta kinaruka. Anataka pia maji ya ile chupa ya chumbani, kwa namna hiyo hiyo.

Akaniuliza kama mtaa wenu uko karibu na kiwanda cha vyuma. Nikamwambia kisima cha mtaa kinacholeta maji bombani kiko nyuma ya ukuta wa kiwanda, na mdogo wangu ndiye anayetunza stoo yake. Akaandika hilo kwenye daftari lake.

Sasa sikiliza jambo jingine. Nimeirudia barua niliyomwandikia mumeo, neno kwa neno, kichwani. Niliandika habari za mikono yako, masufuria, harufu, machupa. Maji sikuyataja hata mara moja. Yeye akanijibu nisizungumze na watu habari za maji.

Niliyataja wapi?

Usimwambie kama tunaandikiana.

Wifi yako


2 Aprili

Wifi,

Chupa mbili hizo. Yenye kizibo chekundu ni ya bomba, yenye cheupe ni ya chumbani. Nimezijaza kama ulivyosema, nikazifunga kwenye kanga katikati ya nguo.

Tangu barua yako imefika, nakaa na mtu kitandani simjui. Namtazama akila. Jana nilimletea glasi ya maji ya kuchemsha baada ya chakula, akaishika, akaongea, akaongea, akainuka kwenda kufunga geti, na glasi ikabaki imejaa. Nikajaribu asubuhi. Hivyo hivyo. Nimeishi na mtu huyu miaka yote na sijawahi kuona kwamba nyumbani kwake hanywi maji.

Jambo jingine. Wateja wangu wakiinamisha kichwa nisuke, wanasema yote, kwa sababu hawanioni uso. Zamani nilikuwa nasikiliza kama redio. Wiki hii nimesikiliza kweli. Mke wa fundi baiskeli, mimba imetoka. Yule mwalimu wa chekechea, figo. Mama muuza mkaa, kizunguzungu na ganzi ya uso, upande wa kushoto kama mama. Wote wanasema ni mambo yao ya nyumbani, na kila mmoja ana mtu anayemshuku. Mmoja anamshuku mke mwenzie. Mwingine anamshuku jirani.

Wewe ulinishuku mimi. Kumbe ndivyo mtaa mzima unavyoishi.

Mama leo hakuamka kitandani mpaka mchana.

Wifi yako


14 Aprili

Wifi,

Kaa chini kwanza.

Majibu yametoka, karatasi yake nimeifunga humu. Kitu chenyewe kinaitwa trikloroethilini, jina refu kama treni ya mizigo. Ni maji maji yasiyo na rangi, harufu yake tamu. Viwandani wanaoshea vyuma, kutoa grisi kabla ya kupaka rangi. Kikimwagwa chini hakikai juu, kinazama mpaka kwenye maji ya kisima, na kinakaa humo miaka. Mkemia anasema kwa kiasi alichokiona kwenye chupa nyekundu, yeye asingempa hata mbwa. Mtu akikinywa na kukivuta muda mrefu kinamharibu ini, figo, mishipa ya fahamu. Kinaweza kuleta saratani ya figo. Wenye mimba wakae mbali kabisa.

Kuchemsha, anasema, ndiyo sababu kwenye chai alikuta kidogo. Kinatoka na mvuke. Nikamuuliza, kikitoka kinakwenda wapi? Akasema, hewani, chumba kikiwa kimefungwa kinabaki humo. Nikafikiria mama amekaa kwenye kigoda chake, mlango umefungwa, kila asubuhi, anakunywa kilichobaki na kuvuta kilichotoka. Na wewe ulikuwa unamtunza. Na mimi nikakuita muuaji.

Radhi sitakuomba kwa kalamu. Nikikuona nitakuomba.

Sasa chupa nyeupe. Ile ya chumbani. Safi. Hakuna kitu.

Mume wako anajua. Sijui anajua tangu lini, wala anajua kiasi gani, lakini mtu haleti nyumbani maji safi kila jioni kwa bahati. Muulize. Mimi nikimuuliza atanijibu kwa barua ya ofisini.

Mama apande treni ya Jumamosi. Mwenzangu atamkalisha behewa la wafanyakazi. Funga lile bomba. Wala nywele za watu usioshe na maji yale.

Wifi yako


19 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimeambiwa kuna karatasi ya vipimo imetoka kwenye karakana yenu. Sijui nani alikupa maji hayo na kwa ruhusa ya nani. Mkemia wa reli hana mamlaka ya kupima kisima cha mtaa, na meneja wetu anasema vipimo vya namna hiyo vinakosewa mara nyingi.

Uongozi unalishughulikia suala hili kitaalamu. Kuna uwezekano wa kuletewa tenki. Nakuomba karatasi hiyo isifike kwa mtu mwingine yeyote mpaka hapo.

Mama amefika salama? Hajanipigia.

Mdogo wako


21 Aprili

Wifi,

Nimemuuliza.

Nilingoja mama aondoke kwanza. Jumapili mchana, tumemaliza kula, nikaiweka ile chupa katikati ya meza.

"Hii unaijaza wapi?"

"Ofisini. Si nilikuambia?"

"Na bomba la kiwandani?"

"Limefungwa. Linatengenezwa."

"Tangu lini?"

Akaanza kukunja kitambaa cha meza. "Mwaka jana. Walikuja watu kupima. Baada ya hapo ofisi zote zikaletewa maji ya madumu. Niliwauliza ni kwa nini, wakaniambia bado wanachunguza, nisizue hofu."

"Wewe ndiye unayepokea yale mapipa ya kuoshea vyuma."

"Napokea mapya. Ya zamani yanamwagwa nyuma, kwenye shimo. Yalikuwa yanamwagwa kabla sijaajiriwa."

"Mama alikuwa anakunywa nini?"

"Nilisema mchemshe."

"Sijakuuliza ulisema nini."

Akaendelea kukunja kitambaa, Wifi. Nikamwambia, kwa nini chupa ni moja? Wewe ni msimamizi wa stoo, una begi, una baiskeli, kwa nini moja? Ndipo akaniangalia. Akasema getini wanakagua, kila mtu anaruhusiwa kutoka na chupa yake tu. Akasema, "Ulikuwa umeshika mimba. Mbili zimeharibika tukiwa tunakunywa yale maji. Nilikuwa na moja, nikachagua. Mama ameshazaa. Ameshaishi."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza kwa nini alinunua hiki akaacha kile. Halafu akalia. Nimewahi kumwona akilia mara moja tu, msibani kwa baba yenu.

Na yeye? Anakunywa akiwa kazini, asubuhi mpaka jioni, na akirudi nyumbani anajizuia mpaka kesho yake. Hiyo ndiyo siri yote ya zile glasi.

Sasa nakwambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Ulikuwa na haki ya kunishuku. Mama alikuwa anaugua na mimi nilikuwa nanenepa, na sababu ilikuwa moja. Yale maji aliyokosa ndiyo niliyokuwa nakunywa. Sikujua, lakini niliyanywa. Na nimejiuliza, kama angeniambia, nikiwa na mtoto tumboni baada ya wale wawili, ningeisukuma ile chupa kwa mama? Nataka kusema ndiyo. Kila nikitaka kuliandika, mkono unakataa.

Karatasi yako nimeibandika ukutani kwenye chumba cha kusukia, karibu na kioo. Atakayekuja kusukwa ataisoma. Mume wangu ameiona, akasimama pale muda, akatoka bila kuigusa.

Mama umwambie au usimwambie, mimi sijui.

Wifi yako


30 Julai

Wifi,

Pole kwa operesheni ya mama. Mwenzako aliniletea habari kwamba figo imetolewa pamoja na uvimbe, na kwamba alipozinduka alimgombeza nesi. Nikacheka mpaka mtoto akageuka tumboni.

Huku mambo ni haya. Ile karatasi ilinijazia chumba. Walikuja wanawake ambao sijawahi kuwasuka, wanasoma, wanauliza, wanakaa. Kisha wakaja wageni wa kiwanda, viatu vinang'aa, wakasifu mapazia yangu, wakasema mwanamke mjamzito asijichoshe na mambo ya vyuma. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yao. Meneja akamgeukia: "Bwana Stoo, si unaweza kuzungumza na mama watoto?" Akasema atazungumza.

Hakuzungumza. Wiki ile ile walikuja wakaguzi wa maji wa serikali, wakazunguka kiwandani wakionyeshwa hapa na pale, sehemu zilizofagiliwa. Wakati wanaondoka, mume wangu akatoka stoo, akawaambia wamfuate, akawapeleka nyuma ya ukuta kwenye lile shimo. Kazi yake iliisha siku ile ile. Kisima kimefungwa kwa saruji. Tunaletewa maji kwa lori, na kila mtu mtaani ananusa kikombe kabla ya kunywa, hata cha soda.

Kiwanda kimesimamisha kazi nusu. Kwa hiyo kuna wanaonisalimia kwa mikono miwili na kuna wanaovuka barabara wakiniona. Mume wangu, wote wanavuka wakimwona. Walioachishwa wanasema amewauza, walioumwa wanasema alijua. Anashinda nyumbani, anarekebisha vitu ambavyo havijaharibika.

Watu wananiambia amejisafisha. Mimi namuuliza moyoni: ungewapeleka pale shimoni kama karatasi isingekuwa ukutani? Na nikilala naamka kwa sababu ya swali jingine. Safari nyingine ikitokea chupa moja, na mimi ndiye niliyezeeka, nitajua?

Wifi, wewe unajua nyuso. Nikae au niondoke? Jibu lako nitalichukua.

Wifi yako


18 Novemba

Wifi,

Natumaini mmefika salama na mtoto hakusumbua njiani. Huku nyumba imekuwa kimya ghafla, na mama anatembea chumba kwa chumba anadai mmeacha kitu. Hamjaacha kitu.

Nimezungumza na daktari wa watoto baada ya treni yenu kuondoka. Anarudia alichokuambia: tundu la moyo ni dogo, mengine huziba yenyewe, mumlete kila baada ya muda alisikilize. Nikamuuliza kama ni yale maji. Akasema inawezekana, na pia wapo watoto wanaozaliwa hivyo bila sababu yoyote, na hakuna daktari atakayekuapia. Nilitaka kumkasirikia, nikaona anasema kweli. Tutakaa na hilo bila kujua. Mimi, mtu wa kutaka kujua kila kitu, naona ndiyo adhabu yangu.

Sasa kuna jambo lilitokea mlipokuwa hapa, wewe hukuliona. Ilikuwa Jumatano ulipokwenda duka la dawa. Tangu mmefika mumeo alikuwa anakaa pale mlangoni kwenye kiti cha plastiki, kama mtu aliyekuja kudai. Mama alikuwa kitandani. Mtoto alikuwa mikononi mwa baba yake. Mimi nilikuwa napiga pasi sare yangu nikijifanya sipo.

Mama nilikuwa nimeshamwambia, mwezi wa nane. Alinisikiliza, akaomba uji, na hakulitaja tena. Siku hiyo akalitaja.

"Nimesikia uligawa maji," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ukampa mkeo."

"Ndiyo."

"Hilo sikukasirikii. Hata mimi ningempa mwenye mimba, tena ningempa na kikombe changu." Akapumzika kidogo, unajua bado pumzi inamkatika. "Lakini ungeniambia. Ningejua, nisingeyanywa. Ningetembea na ndoo mpaka mtaa wa pili, miguu nilikuwa nayo. Wewe ulinitazama ninakunywa. Kila siku unarudi kazini, unaniamkia, unaniona nimeshika kikombe, unapita."

Mumeo hakusema samahani. Nilikuwa nangoja aseme, nimeshaandaa na jibu la kumkata nalo. Akasema, "Nilikuwa napita haraka, mama. Ili nisikuone." Akainamisha uso kwa mtoto.

Pasi yangu ikaunguza kola. Hakuna aliyesikia harufu isipokuwa mimi.

Mama akajiinua kwenye mto. Nilikuwa nadhani atamfukuza, na niruhusu nikuambie ukweli, nilitaka amfukuze. Akasema, "Mbona umekaa mlangoni? Upepo unampiga mtoto. Sogea huku."

Akasogea. Akakaa pembeni ya kitanda, na mama akampokea mtoto, na wewe uliporudi kutoka duka la dawa ukawakuta hivyo ukadhani hakuna kilichotokea.

Uliniuliza ukae au uondoke, ukaniambia jibu langu utalichukua. Usilichukue kwangu. Nilitazama uso mmoja nikaona sumu ambayo haikuwepo, na uso wa ndugu yangu wa damu nikausoma miaka yote bila kuona kitu. Nimeshakuomba radhi jikoni, ukaniambia niache maneno nikamenye vitunguu, na mimi nimechukulia kwamba umenisamehe.

Ninachoweza kukuambia ni nilichokiona. Mama amemsogeza karibu. Mimi bado, na sidhani kama ni lazima. Wewe usiharakishwe na mtu, hata na mama.

Nibusie mtoto.

Wifi yako